Njoo Upige Deki

Juzi niliingia duka moja la vyombo vya umeme Dar es Salaam kununua deki ya diski, zile mpya zinazotoa picha kali mpaka unaona vinyweleo puani mwa mtangazaji. Kijana wa dukani alinipokea kwa heshima, akanitolea tatu. Ya kwanza nyembamba kama daftari. Ya pili inakuja na spika zake na sabufa ya kusukuma chini ya kochi. Ya tatu nzito, nyeusi, haina mbwembwe, na hiyo ndiyo aliyoisifia zaidi. "Hii, mama, hata diski zako za zamani inazing'arisha," alisema. Kisha akaniuliza nyumbani nina diski ngapi. Nikamwambia moja. Akacheka, akidhani namtania.

Sikumtania. Diski ninayo moja tu, tena si yangu. Mwenyewe aliiacha kwetu na hakuja kuidai. Mume wangu ameshanieleza mara nyingi kwamba siku hizi hakuna anayenunua deki, kila kitu kimo kwenye simu. Nalijua hilo. Lakini wiki iliyopita Latifa wa Bi Rukia aliweka picha ya sebule yake kwenye kundi letu la simu la mtaa wetu wa zamani, hom thieta imejipanga ukuta mzima, na chini yake akaandika, "Alhamdulillahi kwa neema ndogo ndogo." Neema ndogo ndogo! Nilisoma maneno yale mara tatu, chai yangu ikapoa. Mimi mtu mzima, mwenye watoto watatu na kazi ya heshima, nikaomba ruhusa kazini nikashika njia ya Dar.

Kijana alipofungua boksi la ile nyeusi, harufu ikanipiga usoni: plastiki mpya, na lile dude jeupe jepesi la kuzuia chombo kisivunjike, linalolia kwii likisuguana na boksi. Wenzangu wa pwani wakikumbuka utoto wao hutaja asumini na udi, wakalainika moyo. Mimi nikinusa plastiki mpya nakunja ngumi. Mtenda husahau, mtendwa hasahau, na mimi katika habari hii nilikuwa mtendwa kwanza, mtenda baadaye, na sijasahau upande wowote.

Tulikaa Bagamoyo, mji wa kale, katika nyumba ambayo zamani ilikuwa ya watu wenye nafasi. Babu mzaa mama alikuwa mfanyabiashara wa nazi na chokaa. Mimi nilizaliwa nikakuta jina tu na mlango mzuri. Nyuma ya mlango huo paa lilivuja na sakafu ilikuwa ya udongo. Tulinyunyiza maji, tukafagia, basi. Baba alikuwa ameoa mke mwingine Lugoba na huko ndiko alikotia nanga, kwa hiyo tulibaki mimi na Mama. Mama alikuwa mwembamba, mtaratibu, mwenye shingo ndefu ambayo sikumbuki kuiona imeinama. Kila Jumatano na Jumamosi asubuhi alivaa baibui akaenda darsani, au ndivyo alivyoniambia, na mimi nikiulizwa na watu mama yuko wapi nilijibu kwa fahari kwamba yuko darsani.

Ng'ambo ya uchochoro ilikuwa nyumba ya Bi Rukia. Mumewe alifanya biashara ya kwenda na kurudi Unguja, na sakafu yake ilikuwa ya saruji nyekundu iliyong'aa mpaka ukipita juu yake unajiona. Katika chumba cha mbele, chini ya kitambaa cheupe cha kufuma, ilikaa deki ya mikanda, ya kwanza mtaani. Jumamosi wanawake walikusanyika kutazama mikanda ya Kihindi na kulia kwa raha zao. Sisi watoto tuliruhusiwa dirishani, nje, mikono imeshika nondo zilizoliwa na chumvi ya bahari. Ukirudi nyumbani viganja vina kutu na mama anajua ulikokuwa. Kuingia ndani kulikuwa kwa mwaliko. Mwaliko huo sikupata kupewa, na mwenye ruhusa ya kubonyeza deki alikuwa Latifa peke yake. Tulisoma darasa moja. Alikuwa na namna ya kusukuma mkanda kwa kidole kimoja, bila kuutazama, ambayo niliichukia na kuifanyia mazoezi nyumbani kwa kipande cha ubao.

Ijumaa moja Mama alikuwa hawezi, homa imemlaza tangu alfajiri. Jioni Bi Rukia akabisha hodi. Alikaa na Mama chumbani, wakanong'ona, nikasikia Mama akisema, "Nitakuja tu," na Bi Rukia akisema, "Na hali hiyo?" Alipotoka alinikuta ukumbini nachambua mchele.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mama yako hawezi, mwache apumzike. Kesho asubuhi njoo wewe kule nyumbani upige deki. Nina wageni."

Nieleze ili mtu asinione mpumbavu. Kwetu redio ilipigwa, ngoma ilipigwa, simu ilipigwa, picha ilipigwa. Kwa nini deki isipigwe? Na sakafu yetu ya udongo haikupata kuona tambara, kwa hiyo neno deki kwangu lilikuwa na maana moja tu, nayo ilikaa chini ya kitambaa cha kufuma. Bi Rukia alikuwa na wageni, na kati ya watoto wote wa uchochoro alikuwa amenichagua mimi niwe mpigaji. Latifa ameharibu, niliwaza. Amekwaruza mkanda. Kabla ya Magharibi nilikuwa nimeshapita nyumba tano kutangaza.

Asubuhi nilivaa gauni la Idi, la pinki, lenye mkanda wa kufungia fundo mgongoni. Nilijipaka mafuta mpaka magotini. Mama alikuwa amelala, sikumwamsha. Nilifuatana na wasichana wawili waliotaka kushuhudia, na nyuma yao wakafuata wengine wa kujialika. Mlangoni nilivua ndala, nikaingia, nikawaamkia wageni mmoja mmoja kama nilivyofundishwa, kisha nikaenda kukaa mbele kabisa, karibu na deki, nikakunja miguu vizuri.

"Mbona umekaa?" Bi Rukia akauliza.

"Nasubiri wakae wote, nipige."

"Upige nini?"

Latifa akatokea uani na ndoo ya maji ya sabuni, tambara limening'inia ukingoni. Akaiweka mbele yangu. Mimi nikaisogeza pembeni kwa adabu, nikamwonyesha mashine. "Si hii," nikamwambia. "Ile."

Kisha mgeni mmoja mnene aliyekaa karibu na mlango akapasuka. "Jamani! Bi Deki mwingine huyu!" Na chumba kizima kikamfuata. Bi Rukia alicheka mpaka akajifunika uso kwa kanga, machozi yakamtoka, akajaribu kusema "Maskini mtoto wa watu" na kicheko kikamkatiza katikati ya maskini. Dirishani wenzangu wameshika nondo, wanacheka na wao, wale wale niliowaalika. Nilipiga deki. Nilipandisha gauni la Idi nikalibana magotini, nikaifuta sakafu nyekundu kutoka ukutani mpaka kizingitini, na kila nilipotazama chini niliona uso wangu mwenyewe. Huwa wanasema maji yakimwagika hayazoleki; yangu niliyazoa yote kwa tambara.

Nilipomaliza Bi Rukia alinipa sahani ya sambusa nimpelekee mgonjwa. Nilizitupia mbuzi. Jina la Bi Deki likanikaa. Niliitwa kisimani, niliitwa madrasa, na zamu yangu ya rede ikifika walipiga makofi na kuimba Bi Deki, Bi Deki, mpaka mpira unipige. Nikimchunguza Latifa namna anavyolitamka, nilikuwa naona kwamba anafurahia kupita wengine, na nikajiapiza kwa kiapo kikubwa cha mtoto kwamba nitamrudishia yeye na mama yake, tena hadharani, tena kwa maji.

Mama alipopona alilisikia jina lile kwa masikio yake, tumetoka dukani pamoja. Watoto walikuwa wamekaa barazani, mmoja akapiga kelele. Mama alisimama. Nilidhani atawakemea. Alisimama tu, akawatazama, kisha akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa mkavu, umepasukapasuka. Nyumbani aliniuliza ilikuwaje. Nikamweleza yote, nikilia kwa hasira, na nilipofika pale pa ndoo aliificha mikono yake ndani ya kanga.

"Nataka deki," nikamwambia. "Yetu wenyewe."

"Utaipata," akasema.

Sikuelewa uzito wa neno lile. Nilichoona ni kwamba darsa liliongezeka. Mama sasa alienda mpaka Jumatatu, siku nyingine akirudi mchana amechoka, vidole vimejikunja kama vya mtu aliyekaa baharini siku nzima. Nilimuuliza. Alisema ni udhu.

Ikaja siku Mjomba Shabani, kaka yake Mama, fundi redio wa Kariakoo, akashuka na maboksi mawili na TV yake ya zamani ya chogo, ya kutuazima. Mama alisema amepokea zamu yake ya upatu. Mjomba akayapanga maboksi juu ya mkeka, akakohoa kama mwalimu.

"Dada, sikiliza. Hii ni ya mikanda. Imetumika, lakini nzima, na mikanda imejaa mtaani, mtaazima mpaka mchoke. Hii nyingine ni ya diski, mpya, picha yake safi, haikwaruzi, haimezi mkanda. Ila diski zenyewe hapa Bagamoyo hamna. Mtakuwa na jiko bila mkaa."

"Achague mwenyewe," Mama akasema, akanielekeza kwa kidevu.

Nikauliza, "Bi Rukia anayo ipi?"

"Ya mikanda."

"Basi mimi nataka hiyo nyingine."

Mjomba akanitazama, akamtazama dada yake. "Mtoto huyu anachagua deki au anachagua vita?"

"Mpe vita vyake," Mama akasema.

Tulifungua boksi, harufu ikatoka, na lile dude jeupe likalia kwii. Nilitia pua yangu ndani kabisa. Mjomba akaonya kwamba vumbi linaua deki upesi kuliko watoto, kwa hiyo Mama akaita fundi akapiga sakafu ya chumba cha mbele saruji. Haikuwa nyekundu, lakini ilikuwa sakafu. Usione vyaelea, vimeundwa, nasema sasa. Wakati ule nilidhani vitu hivi vinakuja kwa sababu nina haki navyo.

Deki ilikuja na diski moja ya kujaribia. Ilionyesha maporomoko ya maji, kisha samaki wa rangi, kisha wasichana wa Kichina wanaimba na maneno yanabadilika rangi chini ya miguu yao. Ndiyo hiyo tu. Siku tatu za mwanzo mtaa ulijaa kwetu. Niliketi mbele na rimoti, sikumruhusu mtu kuigusa, nikawapigia maporomoko mara mia. Siku ya nne walikuja wawili. Siku ya tano alikuja Latifa peke yake, akasimama mlangoni bila kuvua viatu. "Deki gani inaonyesha maji tu?" akauliza. "Ndiyo maana ni ya Bi Deki." Akaenda zake, na mimi nikabaki na vita vyangu na jiko langu bila mkaa. Mama hakulalamika hata mara moja. Jioni alikaa kwenye mkeka akayatazama yale maporomoko, mikono ameilaza mapajani viganja vikiangalia juu.

Baada ya mfungo Bi Rukia akamwoza Nasra, binti yake mkubwa, kwa kijana wa Tanga aliyekuwa na kazi Maskati. Harusi ilitikisa mji. Wanawake wote walinunua sare ya kanga, na mpiga picha wa video aliletwa kutoka Dar. Mimi nilikataa kwenda. Nilijitia tumbo linauma. Mama alitoka alfajiri na kanga yake ya zamani, si ya sare. Alisema anakwenda kusaidia kupika. Alirudi jioni na sahani ya pilau na mimi nikaisukuma mbali, nikalala na njaa kwa ajili ya heshima yangu. Siku ya tatu Nasra akapanda ndege, na watu walisema mama yake analia kila sala.

Siku chache baadaye, Mama amekwenda msibani Mbegani, nilisikia hodi. Bi Rukia alikuwa mlangoni peke yake. Hakuwa na Latifa, hakuwa na sauti yake ya kawaida. Mkononi alikuwa na kitu amekifunga kwenye ncha ya kanga kama mtu anavyofunga nauli.

"Mama yupo?"

"Hayupo."

Akasimama. Akafungua fundo, akanionyesha diski. "Harusi ya dada yako Nasra. Kijana wa video ameileta leo, anasema mikanda siku hizi hawatoi. Mimi kwangu haiingii. Nakuomba, mwanangu. Nipigie deki nimwone."

Naapa hakukusudia. Neno lilimtoka tu, kama linavyomtoka mtu yeyote. Lakini mimi nilikuwa nimelisubiri kwa miezi, na lilipofika halikunikuta nimelala. Nilikwenda uani, nikajaza ndoo, nikatia sabuni, nikatafuta tambara, nikarudi nikaiweka mbele ya miguu yake.

"Piga kwanza wewe," nikamwambia.

Alinitazama. Nilikuwa na umri wa kuchapwa na mama yeyote wa mtaa ule, na yeye alikuwa na kila haki ya kunizaba kofi. Alitazama ndoo. Alitazama mikono yake, hina ya harusi haijafifia bado. Kisha akavua baibui, akalikunja vizuri akaliweka dirishani, akabana kanga kiunoni, akapiga magoti.

Niseme kweli, ilikuwa tamu. Watu wakiandika habari za kisasi hupenda kusema kwamba ukikipata huna raha. Mimi niliipata raha. Nilisimama juu ya mkeka uliokunjwa, miguu mikavu, nikamtazama akikamua tambara, akirudi nyuma hatua kwa hatua kutoka ukutani, mwanamke mwenye sakafu nyekundu anafuta ya kwetu ya kijivu. Kila aliposahau mahali nilimwonyesha kwa kidole. "Na pale," nilisema. Akafuta na pale. Kitu kimoja tu kilinikera, nacho ni kwamba hakuniomba nimwachie. Alibana midomo tu, kama mtu aliyeweka pini kinywani anaogopa kusema.

Akamaliza. Nikamkalisha sakafuni, nikachukua diski, nikaisukuma ndani kwa kidole kimoja bila kuitazama.

Nasra akatokea, amepambwa, macho chini. Bi Rukia akasogea mpaka pua yake ikakaribia kioo, akanyoosha kidole kumgusa shavu, na umeme wa kioo ukalia tiki. "Mama yangu," akamwambia binti yake. "Mama yangu mie." Wanawake wa sare wakaimba. Mpiga picha akazungusha kamera yake chumba kizima, akarudi kwa bibi harusi, na hapo mtoto mmoja aliyekuwa anapita akamwaga juisi nyekundu miguuni pa Nasra. Sauti ikasikika, ile ile ya mgeni mnene wa karibu na mlango.

"Mwiteni Bi Deki! Bi Deki, njoo upanguse huku kwa bibi harusi!"

Lakini mimi siku ile nilikuwa kitandani na tumbo la uongo. Na kutoka mlango wa uani akaingia Mama. Alikuwa na kanga yake ya zamani, ndoo mkono wa kulia, tambara mkono wa kushoto. Akapita katikati ya sare kwa haraka, watu wanampisha bila kumtazama, akainama mbele ya bibi harusi, akaanza kufuta. Ile shingo. Alipoinuka akaikuta kamera usoni mwake, akajifunika.

"Zima," Bi Rukia akasema. "Zima, mwanangu, nimeshamwona, inatosha."

Sikuzima. Nilibonyeza kitufe cha kusimamisha na Mama akabaki pale, kanga nusu ya uso, akitetemeka kidogo kama picha za diski zilivyotetemeka enzi zile. Bi Deki mwingine, alisema yule mgeni siku ile, na mimi nilisikia jina, neno mwingine likanipita. Jina halikuwa langu. Nililirithi. Darsa, udhu, vidole, upatu, saruji niliyosimama juu yake: mtaa mzima ulijua, mpaka watoto dirishani walijua, isipokuwa mimi niliyejibu kwa fahari kwamba mama yuko darsani. Na ile Ijumaa ya homa Bi Rukia alikuja kumpumzisha mgonjwa, akaniita mimi nifanye kazi ya mama yangu, hakujua kwamba nimefichwa.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Bi Rukia alipokuwa amepiga magoti mbele yangu alikuwa na neno moja la kunimaliza. Angesema tu, mama yako hufanya hivi kwangu kila Jumamosi, mimi ningeanguka. Hakulisema. Alipendelea kufuta. Wema huo nautambua, na kwa ajili yake nimemsamehe kunituma, nimemsamehe ndoo, nimemsamehe hata jina ambalo nyumbani kwake walimbandika mama yangu. Kile kicheko sijamsamehe. Alicheka mpaka akatoa machozi, naye akijua Bi Deki wa kwanza ni nani.

Tulikuwa tumekaa hivyo, yeye ameshika mdomo, mimi nimeshika rimoti, Mama aliporudi kutoka msibani. Alikuta mlango wazi. Alisimama kizingitini akaona sakafu mbichi, ndoo, baibui la watu limekunjwa dirishani, Bi Rukia na kanga aliyoibana kiunoni, magoti yake yameloa. Kisha akajiona mwenyewe kwenye TV. Sikuwa na pa kuficha uso wangu. Nilisubiri alie, au anichape, au amwombe Bi Rukia radhi kwa utovu wa adabu wangu, kama mama yeyote mwenye malezi angefanya.

Mama alivua viatu, akaviacha nje ili asichafue. Akaingia polepole, akitazama chini, si kwa haya. Alikuwa anakagua, kama fundi anavyokagua kazi ya fundi mwenzie.

"Nani kapiga deki hapa?" akauliza.

"Mimi," Bi Rukia akasema.

Mama akainama kidogo, akachungulia. "Chini ya stuli ya TV hukufika."

Bi Rukia akamtazama, na Mama akamtazama. Kisha Bi Rukia akavuta ndoo, akalitia tambara majini, akalikamua.

Mama akakaa kwenye kiti chetu kimoja chenye mgongo, akapandisha miguu juu ili sakafu ikauke, akaninyooshea kidole.

"Rudisha mwanzo," akasema. "Harusi hii sikuiona vizuri. Nilikuwa nimeinama."